Kigari cha Magurudumu ya Mninga

Mtoto wa kike na vigari wapi na wapi! Majirani zetu pale Keko walisema mpaka wakachoka. Mama alikuwa akiwajibu kwa lafudhi yake ya bara, ambayo miaka yote ya Dar es Salaam haikumtoa: "Mwacheni, atachoka mwenyewe." Sikuchoka. Nilipofika miaka kumi nilikuwa na vigari kumi na kimoja, vyote vya chuma, vya kuenea kiganjani, na kila kimoja niliweza kukitambua kwa kukipapasa tu, macho nimefumba.

Vilitoka kwa mama mdogo. Alikuwa akifanya kazi za ndani kwa wageni upande wa pili wa mji, na watoto wa pale wakikua kidogo, vitu vyao vinatiwa kwenye mfuko, vinakuja kwetu. Nguo anachukua mama, vigari nachukua mie, kwa sababu wakati huo nilikuwa mtoto peke yangu nyumbani. Mdogo wangu alipopata akili ya kucheza, mama mdogo alishaacha kazi ile na mfuko ukawa haupo tena. Nilikuwa namwambia, "Bahati yako mbaya, ungewahi kuzaliwa."

Nilikuwa mchoyo, sitaki kuzunguka. Nilichora barabara kwa mkaa kwenye kibaraza, ina kona, ina kituo cha mafuta, ina daraja la kipande cha mbao. Yeye nikampa kazi ya trafiki, asimame pembeni anyanyue mkono. Kugusa marufuku. Akigusa, nafunga kopo langu la biskuti na mchezo umeisha. Alikuwa na miaka mitano, na kazi ile aliifanya kwa moyo wote, mkono juu mpaka unamuuma, anaushikilia kwa mkono wa pili.

Nyuma ya nyumba yetu ulipita mtaro, na ng'ambo yake ndiko zilikokuwa karakana za maseremala, vitanda na makabati yamepangwa mpaka barabarani. Masika moja, maji yalipopungua, mdogo wangu akaokota kwenye tope bodi la pikapu ya kuchezea. Bodi tupu: magurudumu hakuna, rangi imebanduka, mlango mmoja umebonyea. Nikamcheka. Nikamwambia hilo kopo, katupe. Yeye akakaa nalo siku tatu, analisugua kwa majivu na mswaki mbovu. Halafu akavuka ubao wa mtaro, akamwamkia fundi mmoja mzee, shikamoo yake inasikika mpaka kwetu, akamwonyesha.

Yule fundi hakuwa mtu wa maneno. Alichukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye mguu wa kitanda, akachonga vigurudumu vinne, akavipiga msasa, akavipaka vanishi, akavifunga kwa spoku ya baiskeli. Vilizunguka bila kelele, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea.

Leo naweza kusema kweli: kilikuwa kizuri kuliko vyangu vyote. Siku zile nilikiita mkokoteni. "Haya, pitisha mkokoteni wako pembeni, usizibe barabara." Hakujali. Alikula nacho, alilala nacho, kifuani hivi. Bafuni tu ndiko alikokuwa hakipeleki, akiogopa mbao zitavimba.

Mwaka ule ule ikafika Jumapili ya mavuno. Sie tulikuwa watu wa kanisani, baba karani, mama mwalimu, na mavuno kwetu yalikuwa sikukuu hasa. Mjini hakuna anayevuna chochote, kwa hiyo watu walileta walichonacho: mchele wa dukani, trei za mayai, kreti za soda, jogoo, mkungu wa ndizi ulionunuliwa sokoni asubuhi ile ile. Vitu vinapelekwa mbele, vinaombewa, na ibada ikiisha vinanadiwa uwanjani. Tena anayenunua mara nyingi hachukui. Anamzawadia mwingine, na kina mama wanapiga vigelegele.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alituambia safari hii watoto wote watapita mbele, mmoja mmoja. "Msimletee Mungu makombo," alisema. "Leteni kitu mnachokipenda." Mwaka uliotangulia binti mmoja alileta kuku aliyemfuga mwenyewe, na kanisa zima likasimama kumpigia makofi. Mie nilikuwa nimekaa na mchele wangu kwenye kifuko, namwonea wivu. Nikaapa kwamba mwaka huu watanipigia mie.

Jumamosi alasiri nikafungua kopo. Basi jekundu, hapana. Lori la takataka, hapana, nilikuwa nalo moja tu. La zimamoto ndiyo kabisaa, bora nife. Hata kile cha bluu kilichokatika ekseli nilikionea huruma. Nikatoa, nikarudisha, nikatoa, nikarudisha. Mtoto akitaka kujidanganya hakosi maneno: nikajiambia kwamba Mungu atapenda zaidi kitu kilichochongwa kwa mkono. Nikajiambia tena kwamba kile cha mninga ni cha nyumbani, ni chetu sote. Chetu! Mie niliyekuwa simruhusu aguse hata tairi. Mama alipomwita mdogo wangu kuoga, kigari kikabaki kitandani, nikakichukua nikakitumbukiza ndani ya soksi.

Alipotoka bafuni akaanza kukitafuta. Uvunguni, kwenye viatu vya baba, nyuma ya pipa la maji. Nami nilimsaidia kutafuta. Nilipiga magoti naye, nikachungulia naye uvunguni, nikamwambia, "Kitaonekana tu, usilie."

Kesho yake nikapita mbele. Siku hiyo alikuja mchungaji mgeni kutoka bara. Nilipokitoa kigari kwenye soksi akakishika kwa vidole viwili, akakinyanyua juu ili watu wote waone. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri!" alisema. "Mtoto huyu ametoa mchezo wake. Sisi wakubwa tumetoa nini?" Kanisa likalipuka makofi, watu wamesimama, vigelegele. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile tena maishani, wala sitaki.

Ndipo mdogo wangu akakiona. Alitoka mbio kwenye benchi la watoto wadogo, kaptula yake mpya inamvuka kiunoni, mikono miwili mbele. "Changu! Changu hicho! Changu!" Watu wakacheka. Kicheko kizuri tu, cha watu wenye furaha, wanaona katoto kametamani kigari. "Mnaona, na huyu naye anakitaka!" mzee mmoja wa kanisa akasema, wakazidi kucheka. Mwalimu wetu akamnyanyua, akambeba mpaka nje, na sauti yake tukaisikia inapungua, changu, changu, mpaka kwaya ilipoanza kuimba.

Baba alikuwa amekitambua. Nilijua kwa jinsi alivyoacha kupiga makofi katikati. Kwenye mnada, kigari kilipotajwa, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wake, na baba hakuwa mtu wa kunyoosha mkono mnadani. Kwa bahati mbaya mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi akadhani baba ameguswa na Roho, naye akataka kumtia hamasa, akaongeza. Baba akaongeza. Mzee akaongeza tena, anacheka, anampungia mkono kirafiki. Watu wakashangilia, mnada umenoga. Baba akaongeza mara ya mwisho kwa sauti ndogo mno, mzee akampita tena, na baba akashusha mkono. Mshahara wa karani una mwisho wake.

"Namzawadia mgeni wetu!" mzee akatangaza. Mchungaji mgeni akashukuru, akakitia kigari kwenye mfuko wa koti, na jioni ile ile akasafiri kurudi kwao. Hapo kisa cha kigari kikaishia.

Kwa nini baba hakusema tu? Nimejiuliza sana. Kitu kikishaombewa hakirudishwi, hilo la kwanza. La pili, angesema nini mbele za watu? Kwamba binti yake, huyu huyu aliyesimamisha kanisa, ni mwizi? Tulirudi nyumbani. Mama ndiye aliyesema, akiwa bado hajavua kitenge chake cha kanisani: "Umemwibia ndugu yako ukampelekea Mungu. Mungu gani huyo anayepokea mali ya wizi?" Akaniamuru nichague kigari kimoja nimpe mdogo wangu. Nikachagua. Ni aibu kuandika, lakini nikachagua kile cha bluu, kilichokatika ekseli.

"Asante, dada," akasema. Asubuhi nikakikuta kimerudishwa ndani ya kopo.

Siku chache baadaye nilimsikia fundi mzee akimuuliza kutoka ng'ambo ya mtaro, gari liko wapi, mbona siku hizi halionekani. Mdogo wangu akamjibu, "Tumelitoa sadaka." Tumelitoa! Yeye na nani? Fundi akamsifu, akarudi kwenye randa yake. Mie nilikuwa nimejibanza dirishani, na badala ya kutoka nikasema ukweli, nikashukuru kwamba kaninusuru.

Hakusimama tena kuwa trafiki. Sikumfukuza, hakuja tu. Mchezo wa peke yangu ukanichosha, na nilipovunja ungo nikavigawa vigari vyangu kwa watoto wa mtaani. Kwake sikupeleka hata kimoja, naye hakuomba.

Kama yangeishia pale ningesema ni mambo ya utoto. Lakini mdogo wangu alikua akiwa mtu wa kuachia. Shuleni walimchukulia vitabu, akaacha. Binamu yetu aliazima pikipiki kwake akaigeuza mali yake, nikamuuliza, akasema, "Acha tu, dada, ana shida zake." Watu wanamsifu, eti mpole, eti ana hekima. Mie nikisikia sifa hizo nahamia jikoni. Baba alipofariki aliacha viwanja viwili kule Goba, kimoja juu kando ya barabara, kimoja chini bondeni. Wazee wa ukoo walikaa, wakauliza sie tunasemaje. Mdogo wangu akasema, "Dada achague kwanza." Na mie, sina hata haya, nikachagua cha barabarani. Nimejenga fremu za maduka. Yeye kajenga bondeni, na mvua zikinyesha, tope la mlima mzima linamwingilia uani.

Mwaka huu, wakati wa masika, niliteremka kwake na binti yangu kumjulia hali. Nikamkuta na koleo, anazoa tope mlangoni. Mwanawe, ana miaka mitano, alikuwa amechuchumaa barazani na kigari cha plastiki, cha kawaida tu, cha dukani. Binti yangu ana miaka minane. Alifika, akamwamkia mjomba wake, akainama, akakichukua kile kigari mkononi mwa mtoto kama vile kachukua chake. Mtoto akamtazama baba yake.

"Mwachie dada," mdogo wangu akasema, koleo bado liko mkononi. "Mwachie tu acheze."

Sijui nini kilinipanda. "Asimwachie!" nilipiga kelele. "Kwa nini amwachie? Ni chake! Kirudishe, wewe, kirudishe sasa hivi!" Binti yangu akaanza kulia. Wifi yangu akatoka ndani mbio, akidhani kuna mtu kaangukiwa na ukuta. Mtoto alirudishiwa kigari chake akakishika kwa woga, na mdogo wangu akawaambia wote waingie ndani, kuna chai.

Tukabaki wawili. Nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira yenyewe nikamgeuzia yeye, kama kawaida yangu. "Mbona hukuwahi kusema? Miaka yote hii! Ungenitukana hata mara moja, ungeniambia dada umenidhulumu, ningejua pa kuanzia kukuomba msamaha. Mbona ulinyamaza?"

Akalisimika koleo kwenye tope.

"Nilisema, dada."

"Lini?"

"Siku ile ile. Nilisema ni changu. Watu wakacheka." Akafuta mikono kwenye suruali, taratibu. "Na wewe ulicheka."

Habari hii nimeisimulia mara nyingi, na hapa nimeisimulia tena tangu mwanzo, na kila mara nasema watu walicheka. Ni kweli, nilicheka. Nilikuwa nimesimama pale mbele, nikamwona anakuja mbio na mikono yake miwili, nikacheka kwa nguvu kuliko wote, ili wasije wakamwamini.