Mahari Niliyoikataa Kakuma

Mwaka 2012 nilikuwa maarufu Lodwar. Wauza samaki walioleta mzigo kutoka Longech walitaka niwaimbie kwanza ndipo wanipimie. Wimbo wangu wa mfereji mkavu ulipigwa redioni mpaka nikauchoka mwenyewe. Siku niliyoongoza akina mama na mitungi mitupu hadi ofisi ya maji, ofisa alitoka mbio, akanisalimia kwa furaha na kuomba tupige picha. Picha ilikuwa nzuri sana, nami nilirudi nyumbani na mtungi wangu mtupu.

Kwenye maigizo niliingia kwa hasira. Kaka yangu, mfugaji wa upande wa Kakuma, alikuwa na binti wa darasa la nane, mwenye akili, na mdomo aliourithi kwangu. Nikasikia kuna mzee wa huko anayemposa, na kaka hajamkataa. Kumshauri kaka yangu ni kupoteza mate, kwa sababu mimi kwake ni mdogo, tena mwanamke, na mahari si maneno yangu. Nikaamua kumwambia mbele za watu. Nikatunga mchezo wa baba anayekataa mifugo ili binti yake asome, nikamtia binti mwenyewe ndani na sare yake ya shule, kisha nikamwalika kaka akae mbele kabisa.

Mwanamume aliyepaswa kuwa baba alipata kazi ya ulinzi kwenye kambi ya wakimbizi wiki hiyohiyo, akatukimbia. Basi baba nikawa mimi. Nikajifunga shuka, nikabandika ndevu za manyoya ya mbuzi, nikashika kigoda kile kidogo ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukilalia usiku. Kwenye kioo nilimwona marehemu baba yangu amevaa hereni zangu.

Uwanja wa Kakuma ulijaa. Wakimbizi nao walikuja kutoka kambini, kwa hiyo tuliigiza kwa Kiswahili. Mpiga ngoma wetu, aliyeigiza mchumba, akaahidi mbuzi. Nikakaza sauti: sitaki mbuzi, binti yangu atasoma. Nilitegemea makofi. Wazee waliitikia kwa vichwa tu, wameridhika, kama watu wanaoona shughuli imeanza vizuri.

Kwetu baba wa binti lazima akatae. Anayekubali mara ya kwanza huonekana amemchoka mtoto wake. Jambo hilo nalijua tangu utotoni, lakini siku ile kichwa kilikuwa kimejaa ndevu. Mchumba akaongeza ng'ombe, nikakataa kwa ukali zaidi. Hapo mzee mmoja akainuka na fimbo yake katikati ya watu, na binti akaninong'oneza kwamba ndiye yule anayemposa.

“Ejok, mzee,” alinisalimia, akimwonyesha mpiga ngoma kwa fimbo. “Hii kijana ni masikini. Hata mimi ningekataa. Mimi naleta ngamia.”

Mpiga ngoma akaona ameaibishwa, akasahau mchezo, akaahidi fahali ambaye hakuwa naye. Nikaanza hotuba yangu: huyu mtoto ana akili, huyu atakuwa daktari, huyu atatibu kijiji kizima. Kila nilipomsifu, mzee aliongeza ngamia. Akina mama wakapiga vigelegele. Sijawahi kushangiliwa hivyo kwa wimbo wowote, na sijawahi kuogopa hivyo. Kaka yangu alikuwa amekaa mbele, mdomo wazi, na akitamka neno moja la kukubali mbele ya mashahidi wote wale, shule imekwisha. Na aliyewakutanisha ni mimi.

Kaka akasimama. Akatangaza kwamba mwenye ndevu ni dada yake, hana boma wala ng'ombe, na mtoto ni wake yeye. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha akamgeukia mzee, akamuuliza kwa heshima: kama hayo ni ya msichana wa darasa la nane, je, akimaliza kidato cha nne? Mzee akafikiri, akakiri kwamba ingebidi aongeze.

“Basi bado,” kaka akasema, akaketi.

Nilirudi Lodwar nimenuna. Nilitaka aone mtoto, yeye ameona ngamia.

Mwaka uliofuata aliuza ngamia wake mwenyewe, akamleta binti shule ya bweni Lodwar. Langoni nikamuuliza, kwa kumchoma, kama yule mzee bado anaongeza. Kaka alimtazama binti yake akizungumza Kiingereza na mwalimu, akasubiri wasogee.

“Dada, yule ni mzee sana,” alisema. “Mimi namwambia bado tangu mtoto akiwa darasa la tano. Wewe ulitaka nimwambie hapana, tupigane?”

Akajitwika godoro la binti, akamfuata ndani.