Mstari Uliotoka Ukutani

Mwaka ule nilipata kazi ya kuandika programu ya hospitali moja ndogo ya binafsi huko Kisauni, upande wa Magogoni. Mwenye hospitali alichoka na jamaa wa wagonjwa kujazana dirishani wakiuliza habari. Nikamtengenezea ukurasa wa kuonyeshwa kwenye televisheni ya ukutani katika ukumbi wa kungojea: namba ya kila mgonjwa, na mbele yake hali yake. Anasubiri. Yuko chumba cha upasuaji. Anapumzika. Ameruhusiwa.

Nilichojivunia ni kwamba hakuna aliyehitaji kuufungua upya ukurasa huo. Kwenye rekodi ya mgonjwa niliandika amri fupi: ikibadilishwa, tangaza badiliko hilo kwenye kurasa zote zilizo wazi, ikifungwa, ondoa mstari wake. Muuguzi akibonyeza wodini, ukutani kunabadilika kabla hajainua kidole.

Nilipomfundisha muuguzi mkuu, mama wa makamo mzaliwa wa huko huko, aliigusa kompyuta kwa kidole.

"Kwa hivyo kila niandikalo huku, wale kule wataliona papo hapo?"

"Papo hapo, mama."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Akavua miwani. "Mwanangu, yako mambo hayafai kumtangulia mtu wa kuyasema."

Nilicheka, nikamweleza kwamba majina tumeyaficha, ni namba tu. Yeye hakucheka. Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini sikubadilisha kitu.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikaitwa kuitazama televisheni, picha ilikuwa ikififia. Kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja wa Jomvu Kuu, kanzu imepigwa pasi, peke yake. Mkewe alikuwa anapasuliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Sisi ni kumi na saba," akasema, akaitaja namba ya mkewe kama ndiyo jina la ukoo wao.

Nilimaliza kazi yangu, lakini sikuondoka. Sijui kwa nini. Saa nzima kumi na saba alikuwa chumba cha upasuaji. Muuguzi mkuu akapita mbio kuelekea huko bila kuyatazama mabenchi. Daktari wa wodi nyingine akaitwa, naye akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake polepole.

Kisha mstari wa kumi na saba ukaondoka. Haukuandika neno. Kumi na nane akapanda mahali pake taratibu, kama nilivyompanga apande.

Aliyeruhusiwa, mstari wake hubaki hadi jioni. Rekodi kufungwa mgonjwa akiwa chumba cha upasuaji kulikuwa na maana moja tu. Niliijua kwa sababu niliiandika mimi.

"Binti, mbona sisi hatumo?"

Nikaigeukia televisheni. "Mtambo huu hukwama, mzee. Tungoje kidogo."

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi. "Wallahi nimeingiwa na hofu."

Nikaketi kando yake. Akanihadithia kwamba asubuhi, kabla ya kuchukuliwa, mkewe alimwagiza mbaazi za nazi, akiamka azikute. Akaniuliza kama najua wapi karibu hapo wanazipika vizuri. Nikamwelekeza. Nilimwelekeza hata kona ya kupinda.

Daktari alipotoka, muuguzi mkuu alikuwa nyuma yake. Mama yule hakumtazama mzee kwanza. Alinitazama mimi.

Alasiri ile ile niliibadilisha amri: rekodi ikifungwa, ukuta usiambiwe lolote mpaka muuguzi athibitishe kwamba jamaa wameshaambiwa. Ilikuwa kazi ya mistari mitatu. Mwenye hospitali alilalamika kwamba siku hizi televisheni yake inachelewa, nami nikaiacha hivyo hivyo.

Siku ya tatu ya msiba muuguzi mkuu alinichukua kwenda kwenye hitima ya marehemu, Jomvu Kuu. Mzee alikuja hadi mlangoni, tulipokaa wanawake, akanionyesha kwa mkono.

"Huyu ndiye aliyekaa nami," akawaambia. "Wengine wote walikuwa na haraka zao."

Wakaniombea dua. Mmoja alinisogezea mkeka, mwingine chai. Muuguzi mkuu aliinamia kikombe chake.

"Mzee," nikaanza.

"Naam," akaitika, akanigeuzia uso, akangoja.

Nikasema pole sana. Maneno mengine yalikataa kutoka, na mpaka leo sijarudi Jomvu Kuu kuyasema.