Siku Niliyoishtaki Kahawa ya Kutafuna

Kosa langu la kwanza, na nalitaja mapema ili msinihurumie bure, ni kwamba nilipofanywa katibu wa kamati ya kutafuta kocha mkuu wa timu yetu nilifunika majina ya waombaji wote. Nilijiona mjanja kweli. Aibu yote iliyofuata, ile iliyowafanya watu wa Bukoba wanisalimie kwa kuninyooshea vidole kumi halafu kimoja, ilianzia hapo, na hakuna aliyenituma.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi simu, na mpira sikuusomea popote. Nilijifunza mwenyewe kwenye simu, kati ya mteja na mteja, nikisoma makabrasha ya kupakua na kuandika uchambuzi mrefu kwenye kundi la wanachama la WhatsApp (mrefu mno, najua, kuna waliokuwa wananijibu kwa picha ya mtu aliyelala). Mwenyekiti wetu, Ta Mutalemwa, mzee mpole mwenye shamba la kahawa kule Maruku, akadhani kwamba anayeandika sana anajua sana. Timu ilikuwa mkiani. Hatukuwa tumeshinda tangu mvua za vuli zianze, kocha alikuwa ameaga na kupanda basi, na mzunguko wa pili ulikuwa unaanza baada ya wiki mbili. Tukikosea kocha tunashuka daraja, na sote tulijua kwamba timu ya mkoani ikishuka wadhamini wanaondoka, na inaweza isipande tena.

Sasa mimi ni mtu wa wasiwasi. Kabla ya kufunga duka narudi mara tatu kutikisa kufuli. Kwa hiyo nikatengeneza jedwali la alama, nikapiga mistari kwa rula, nikampa Dada Jeni wa steshenari barua zote azitoe nakala huku amefunika majina, kila mwombaji abaki na namba tu, ili asitokee mtu wa kusema tumempendelea ndugu yake. Waombaji walikuwa saba. Aliyeongoza kwa alama, tena kwa mbali, alikuwa namba tano. Vyeti vyake vilikuwa vya siku nyingi lakini halali, barua yake ya mkono ilikuwa imenyooka, na alieleza udhaifu wa beki yetu ya kushoto kana kwamba alikuwa anamlea yule kijana nyumbani kwake.

Shida ni kwamba barua ya namba tano ilikuja na kifurushi. Kidogo, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba na kukazwa kwa kamba ya mgomba, na Dada Jeni alikuwa amekiandika namba 5 kwa kalamu nyekundu. Nilikinusa nikajua ni akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa na ganda lake. Msiniulize kama sikujua maana yake. Mimi ni Mhaya, akamwani naijua tangu sijaota meno, kwetu mgeni hawezi kukaa kitako kabla hajaletewa, na anayekwenda kwa watu na haja yake huibeba ili wasikilizaji watafune wakati anaongea. Nilijua. Lakini kabrasha langu moja lilisema mwombaji akiipa kamati kitu chochote aondolewe, na hilo neno "chochote" nililisoma hadi macho yakauma.

Nikampelekea mwenyekiti. Akacheka.

"Deo, fungua hicho tutafune, mambo yaishe."

"Waitu Ta," nikamwita kwa heshima ya Kihaya, "hiyo ni rushwa."

"Rushwa ya kahawa? Bukoba?"

"Kanuni inasema chochote, Ta."

Akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye msomi," na msomi mwenyewe nikakichukua kile kifurushi, nikakitia ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, nikabandika karatasi iliyoandikwa KIELELEZO A. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo tu. Ningetafuna siku ile, leo nisingekuwa na hadithi.

Jumapili baada ya misa na ibada wanachama wakajaa ukumbini. Tulitaka wamthibitishe kocha kwa kunyoosha mikono, na waombaji walikuwa wamekaribishwa wakae nao kimya, bila kujitambulisha (wazo la nani? La kwangu). Nilikuwa nimevaa koti la shemeji yangu, mikono inanifika kwenye vidole. Nikasoma jedwali, nikaeleza mizani ya alama, watu wakaanza kupiga miayo, ndipo nikasema kwa sauti niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo, "Ndugu wanachama, aliyeongoza ni namba tano, lakini nasikitika kuwaambia kwamba namba tano amejaribu kuihonga kamati."

Kocha wa hongo, timu mkiani, mnaweza kufikiri hasira iliyokuwa inachemka mle ndani. Mzee mmoja alishasimama na fimbo. Nikainua mfuko wangu juu.

Ma Koku, mama wa senene pale sokoni, ambaye hajawahi kukosa mechi wala kukosa la kusema, akauliza kutoka mstari wa mbele, "Ni nini hicho? Dhahabu?"

"Ni akamwani," nikajibu.

Nawaambia, kicheko kilichotoka pale kilitikisa mabati. Yule mzee wa fimbo alikaa chini akijifuta machozi. Mwingine akapaza sauti, "Basi mama mkwe wangu akamatwe, alinihonga jana!" Mtu mwenye akili angecheka nao na kuomba radhi. Mimi nikawasomea kanuni, ukurasa na kifungu.

"Fungua tuione hiyo mali," Ma Koku akasema. "Hesabu, katibu. Labda ni gunia."

Nikafungua, nikawa nazipanga mezani moja moja na kuhesabu kwa sauti kama nilivyotakiwa. Harufu ikapanda. Saba, nane, tisa. Kufika kumi, sauti yangu ikaanza kupungua bila mimi kujua sababu, na nilipoweka ya kumi na moja nikaona jani liko tupu, na hapo nikaijua ile kahawa ni ya nani.

Niwarudishe nyuma kidogo. Nilisoma shule ya msingi Kishanda, kule Muleba, na tulikuwa na mwalimu wa mpira, Mwalimu Rwezaura, ambaye hakuwa anataja kikosi kwa mdomo. Tulijipanga chini ya goli, yeye anapita na kijikapu, na ukiwekewa kahawa kiganjani basi unacheza. Zilikuwa kumi na moja tu. Ukiimenya ndani mna punje mbili, moja unakula, ya pili unampa aliye pembeni yako, na alikuwa anatuambia, "Uliyekula naye kahawa humnyimi pasi." Mimi nilikuwa wa kumi na mbili miaka miwili mizima. Siku moja tu kijikapu kilisimama mbele yangu, na kwa furaha na woga sikuitafuna, niliificha kwenye mfuko wa kaptula nikaionyeshe nyumbani. Mwenzangu wa pembeni akasubiri punje yake mpaka filimbi ikapigwa. Tulifungwa. Hata leo nikisikia harufu ile nauona ule uwanja, nyasi zimelowa, na mashati yetu ya shule tuliyoyavaa ndani nje ili tufanane.

Nyuma ya ukumbi mtu akasimama taratibu, kofia mkononi. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, lakini kifua chake kilichotokeza mbele kilikuwa kilekile cha Kishanda.

"Namba tano ni mimi," akasema. "Rwezaura, natoka Buganguzi. Ningekuwa nahonga, katibu, ningeweka kumi na mbili."

Watu wakacheka tena bila kuelewa. Mimi, wa kumi na mbili, nilielewa.

"Deo wa Kishanda," akasema, polepole sasa. "Bado huitafuni? Bado unaiweka mfukoni?"

Nikawaambia wanachama ukweli wote kwenye kipaza sauti, kwamba yule ni mwalimu wangu, kwamba sikujua kwa sababu nilifunika jina lake, na kwamba nimemwita mtoa rushwa mtu aliyenifundisha kuvaa viatu vya mpira. Koti lilikuwa limelowa jasho. Ta Mutalemwa akauliza kama kuna anayempinga namba tano, na hakuna mkono ulioinuka.

Lakini mwalimu hakukaa. "Nitakuja," akasema, "huyu akitafuna kwanza."

Basi mbele ya ukumbi mzima nikaokota ya kumi na moja, nikaimenya, nikatafuna punje moja, na ya pili nikampa Ma Koku, ambaye aliipokea kwa mikono miwili kama komunyo na kusema, "Chungu, lakini si ya hongo." Zile kumi wakagawana wa mistari ya mbele.

Mwalimu alianza kazi kesho yake. Hatukufanya maajabu, tulibaki kwenye ligi kwa tundu la sindano, mechi ya mwisho, goli la beki yule yule wa kushoto. Msimu uliofuata magoti yake yalikataa, akarudi Buganguzi kwenye migomba yake, na mimi humtembelea nikipata nafasi, tukae barazani tuwakumbuke wachezaji wa Kishanda mmoja mmoja.

Ukatibu bado ninao. Jedwali bado napiga kwa rula, na kufuli bado natikisa mara tatu. Ila barua ya mtu sasa naisoma pamoja na jina lake, na kahawa nikipewa natafuna palepale.