Siku Kogo Alipochuma Minji

Mimi nina hasira za karibu. Wanaonijua wanalijua hilo, na mume wangu analijua kuliko wote kwa sababu ndiye huwa karibu. Kwa hivyo nikisimulia habari za minji yangu, usishangae ukinikuta nimepanda mori mahali fulani katikati. Nitashuka.

Hapa kwetu Boito kila kitu ni chai. Ukifungua mlango wa mbele unaona chai, ukifungua wa nyuma ni chai, na ukienda chooni asubuhi unapita kati ya mistari miwili ya chai na kurudi na sketi imelowa hadi magotini. Sina ugomvi nayo. Ndiyo iliyomsomesha mume wangu na ndiyo inayowasomesha watoto. Lakini chai hailiwi na ugali. Nilipoolewa hapa, kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni mahali pa kupanda mboga, na nilikiona kipande kimoja tu, kati ya jikoni na tangi la maji, upana wake hatua kumi na mbili. Nyasi zilikuwa zimekimeza. Kilikuwa cha Kogo.

Kogo ni mama mkwe wangu. Hilo ni neno la Kikipsigis lenye maana ya nyanya, yaani bibi. Watoto wangu walianza kumwita hivyo, nami nikawafuata watoto. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, na mjane, na mambo yote ya shamba yanapita kwake. Amechuma chai tangu akiwa msichana. Hata akiwa ameketi kanisani, akisikiliza mahubiri, utaona kidole gumba na cha shahada vinafanya kazi vyenyewe juu ya mapaja yake: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

Minji, ambayo wengine huiita njegere, yeye huiita minchi. Nikimcheka ananirudishia, kwa sababu wazazi wangu ni watu wa milima ya magharibi na ulimi wangu haujawahi kupatana na herufi ya l. Siku moja nilimwambia mtoto aniletee karamu niandike vipimo vya mteja, maana mimi ni fundi wa nguo, na Kogo akauliza karamu ni ya nani na mbona hajaalikwa. Hiyo ameisimulia kwa majirani mpaka imechakaa.

Sasa, kwa nini minji? Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Baba alikuwa mfanyakazi, nyumba ilikuwa ya shamba, hata msumari wa kutundikia koti ulikuwa wa shamba. Nyuma ya jikoni mama alikuwa na kijisehemu cha udongo, na hapo alipanda minji. Sisi watoto tuliila mbichi, tukipasua maganda kwa meno, na mama akipiga kelele kwamba hatutabakisha ya kupika. Baba alipostaafu tuliambiwa tuhame kabla ya mwisho wa mwezi. Tulitoka minji ikiwa imejaa maua meupe. Mama alisimama pale na ufunguo mkononi, akayaangalia, kisha akaenda kurudisha ufunguo. Alichobeba ni punje kavu za msimu uliotangulia, kwenye mkebe wa majani ya chai, na mkebe huo ndio alionipa nilipoolewa. Sikuwa nikitaka minji tu, ukweli usemwe. Nilitaka mahali ambapo nikipanda kitu, nitakuwepo siku ya kukila.

Nilikawia hadi nilipokuwa na watoto, kisha nikamwendea Kogo nikiwa na adabu zangu zote. Akanisikiliza, akanionyesha miche ya chai iliyopangwa kivulini kando ya tangi, kila mche kwenye mfuko wake mdogo wa udongo.

"Hiyo ndiyo ya hapo," akasema. "Nimeilea mwaka mzima."

Nadhani uso wangu ulisema mengi, kwa sababu aliongeza, "Nakupa msimu mmoja. Akina mama wa kanisa wanakuja kwetu mwezi wa sita. Wakishiba hiyo minchi yako, kipande ni chako. Wasiposhiba, naingiza chai."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nililima mwenyewe. Nikaloweka punje za mama usiku mmoja, nikazipanda mvua ya Machi iliposhika. Zilipofika urefu wa shibiri nilizipa vijiti vya kuparamia, na vijiti havikunisumbua, kwa kuwa chai ya shamba la juu ilikuwa imetoka kukatwa na matawi yalikuwa yamelala kila mahali. Minji ina vikono vyembamba kama uzi wa cherehani. Unaiacha jioni ikiwa inapapasa hewani, asubuhi unaikuta imeshika kijiti na kujizungusha mara tatu. Nilikuwa nikienda kuiangalia kabla ya kuwasha moto wa chai, na mume wangu akawa anasema nimepata mume mwingine, tena wa kijani. Kogo alikuwa akipita na mtungi wake, anaangalia, anaenda.

Ikafika wiki mbili kabla ya wageni. Mimea ilikuwa imenifika kiunoni, maua yako juu, na kule chini, chini kabisa nyuma ya majani, maganda ya kwanza yalikuwa yamenenepa. Hayakuzidi mawili matatu kwa kila shina, na ulilazimika kuinama ndipo uyaone. Siku hiyo nilikuwa naenda Bomet kununua vitambaa na zipu. Nikaona afadhali mtu wa kwanza kuonja awe Kogo, nimlainishe roho mapema. Nikampitia nikiwa nimeshavaa viatu vya safari.

"Kogo, ukipata nafasi leo ingia pale uchume minji kidogo, uonje."

"Nichume?"

"Chuma, Kogo. Usiogope."

Maneno yangu mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha.

Nilirudi saa kumi, furushi kichwani. Kitu cha kwanza nilichoona nilipopinda nyumba ni kwamba tangi la maji limejitokeza zaidi. Asubuhi minji ilikuwa imelificha sehemu ya chini. Sasa minji ilikuwa imekatika sawasawa, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, juu tambarare kabisa, ungeweza kuweka sahani na isimwagike. Ule ufito mrefu ambao Kogo huulaza juu ya chai ili achume kwa usawa, ulikuwa umelazwa juu ya minji yangu. Na kwenye ngazi ya jikoni kilikaa kikapu chake cha chai, kimejaa pomoni vichipukizi vya minji, na maua yote ya juu yakiwa humo ndani. Majani mawili na chipukizi. Hakuruka shina hata moja.

Kogo mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kikapu, amechoka na amefurahi.

"Nimekumalizia yote," akasema. "Ilikuwa imeanza kuzeeka. Wewe cherehani imekushika, hukuiona."

Nilitua furushi. Nilisema asante. Sijui ile asante ilitoka wapi. Kisha nikaingia ndani na kufunga mlango wa chumba, na mume wangu alipoingia akitabasamu, nikampasukia.

"Mama yako ameona minji inafanya vizuri," nikasema. "Ameona nitashinda. Ameimaliza ili apande chai yake, halafu anajifanya amenisaidia."

"Mama watoto, punguza sauti."

"Sipunguzi. Si ni shamba lake? Angeniambia tu hapana tangu mwanzo."

Nyumba yetu ni ya mbao. Ubao hauzuii hata kikohozi. Niliponyamaza kuvuta pumzi, nilisikia mguu wa kigoda ukiburuzwa nje, halafu hatua za Kogo zikienda polepole kuelekea nyumbani kwake. Hasira ikanitoka mara moja, na kilichobaki ni aibu. Mume wangu alikaa kwenye kitanda, hakucheka tena.

"Mama hajawahi kuona minji ikiwa shambani kabla ya hii yako," akasema. "Ameiona kwenye sahani za harusi tu. Kwake hiyo ni kama kunde, unakula majani kwanza. Na ukimwambia mama achume, unafikiri atachuma nini?"

Nilifikiria hilo. Upande huu mtu akisema anaenda kuchuma, hakuna anayeuliza anaenda kuchuma nini. Mimi, mtoto niliyezaliwa katikati ya chai, nilimwambia mchumaji wa maisha yake yote achume, nikamwambia na asiogope.

Nilienda kwake nikiwa na kile kikapu. Alikuwa akikuna kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, na hakuinua kichwa.

"Kogo, nilikosea," nikasema. "Nimesema maneno mabaya na si ya kweli."

Akaendelea kukuna. Kisha akauliza, "Hiyo minchi yenyewe inakaa wapi?"

Nikatoa ganda moja nililolichuma njiani, nikalipasua mbele yake. Punje saba. Akazitazama.

"Iko chini," akasema.

"Iko chini, Kogo."

"Na mimi nimechuma juu." Akachukua punje moja, akaitafuna, akafikiri. "Nimekuharibia."

Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Yeye hakunibembeleza. Alinyanyuka, akavuta kikapu, akamimina vile vichipukizi kwenye karai na kuanza kuvichambua. "Haitupwi," akasema. Akavichemsha, akavikaanga kwa kitunguu, akavimwagia maziwa na malai jinsi anavyopika mboga ya managu, na tukala na ugali moto. Sitadanganya: vilikuwa vitamu kuliko mboga yoyote niliyopika mimi mwaka ule. Vilikuwa na ladha ya minji, lakini laini. Hatukuacha hata mchuzi.

Wiki mbili zile nilikuwa nikipita pale bila kuangalia. Mtoto wangu wa kwanza ndiye aliyenivuta mkono. Kila shina lililokatwa kichwa lilikuwa limetoa vichwa vingine viwili, vitatu pembeni, vinapanda kwa haraka, na vingine vimeshatoa maua. Ndivyo chai inavyofanya, na sikuwa nimewahi kujua kwamba minji nayo ina tabia hiyo. Lakini maua hayashibishi mgeni. Kwa Jumapili ya wageni nilikuwa na maganda ya chini tu, na nilipoyaambua yote yalijaza bakuli la wastani. Akina mama walikuwa ishirini na wawili.

Nilipika nilichokuwa nacho. Viazi vingi, karoti, na minji ikielea humo kwa taabu. Kando ya sufuria yangu Kogo aliweka sufuria ya vichipukizi, kwani alikuwa ameingia tena asubuhi hiyo. Safari hii aliniuliza kwanza ni vipi vya kuguswa na ni vipi vya kuachwa. Wageni walikula. Mmoja aliikoroga sahani yake, akatafuta, akasema kwa upole kwamba viazi vyangu vimeiva vizuri. Watu wakacheka, nami nikacheka, na moyo wangu ulikuwa pale kwenye tangi, kwa ile miche. Hawakushiba minji. Makubaliano yalikuwa makubaliano, na mtu mzima hayageuzi kwa machozi. Nilianza kujizoeza kichwani: chai itapandwa, nitapanda vitunguu kwenye ndoo.

Watu walipoanza kutafuta kanga zao ili waondoke, Kogo alisimama. Hapa kwetu mgeni hatoki mikono mitupu, na nilidhani anaenda kutoa maziwa. Akawaongoza wote hadi kando ya tangi. Akainama, akachukua miche miwili, akampa mama wa kwanza. Akachukua mingine miwili, akampa wa pili. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amewasindikiza akamuuliza kama ana wazimu, miche ya mwaka mzima, na yeye atapanda nini hapo?

"Hapo?" Kogo akasema. Hakugeuka kuniangalia. "Hapo pana mwenyewe."

Akaendelea kugawa. Nilisimama mlangoni, nimeshika mwiko, na sikuweza hata kuwaaga watu vizuri. Walipotea barabarani mmoja mmoja, kila mwanamke na chai mikononi, na kivulini pa tangi zikabaki alama za duara za mifuko kwenye udongo.

Minji ya pili ilikomaa wiki tatu baadaye, na ilikuwa nyingi mpaka tukawapelekea walewale akina mama nyumbani kwao. Siku ya kwanza ya kuvuna niliamka mapema, nikamkuta Kogo ameshafika, kikapu mgongoni. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kipande, nje kabisa, na hakuwa ameingia.

"Nakungojea wewe," akasema. "Ni kwako."

Nikamkaribisha. Tukainama pamoja.