Mkono Niliomshika Feza

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilisema uongo mmoja kwa mkono, bila kufungua kinywa, na uongo huo umenichosha kuliko wote niliowahi kuusema kwa ulimi. Niliusema uani kwetu, Mangobo, Kisangani, enzi zile za Zaire na chama kimoja, jua likiwa utosini.

Mama yetu alikuwa akipika lotoko, pombe kali ya mihogo na mahindi. Kwetu hakuna mnywaji anayekubali glasi ya kwanza. Muuzaji hujimiminia, hunywa mbele ya macho ya watu, kisha husubiriwa kidogo. Asipoanguka, ndipo wengine hunyoosha mikono. Watu waliogopa sumu, waliogopa na uchawi. Na muuzaji akiwa mjamzito, imani ilizidi, maana mama gani atailisha sumu mimba yake mwenyewe? Miezi ile alipombeba dada yangu Feza, wateja walijaa uani tangu asubuhi, na mama akaonja kila chupa iliyofunguliwa. Alitusimulia jambo hilo kwa fahari miaka mingi. Mimba yangu mimi ilimkuta anaugua, hata harufu ya lotoko ikimtapisha, na pipa likakaa bila moto.

Feza alikuwa na miaka kumi na minne koko, bibi yetu mzaa mama, alipopanda mto kutoka Yanonge kuja kututembelea. Siku tatu alimtazama Feza tu. Aliona anavyokazia macho midomo ya watu wakiongea. Aliona akiitwa kwa nyuma anaendelea kutwanga pondu, majani ya mihogo. Shuleni nako alikuwa akichapwa kila wiki: asubuhi tulipoimbia bendera na chama, Feza alianza nyuma ya wenzake na kumaliza nyuma yao, peke yake, uwanja mzima ukiwa umenyamaza. Mwalimu aliita hiyo dharau.

"Mutoto huyu, masikio yake haiko hapa," koko alimwambia mama. "Watu wa maji walichukua. Miye niliona wengine kama yeye."

Watu wa maji, alivyotufundisha koko, wanakaa chini ya mto. Mtoto wao anaweza kuzaliwa kwa watu wa nchi kavu, lakini masikio anayaacha kule chini. Dawa ilikuwa moja: apelekwe Yanonge kwa mzee anayeongea na mto, akae kwake, azamishwe kichwa kila alfajiri mpaka masikio yarudi. Msichana mmoja wa jirani yake koko alipelekwa hivyo. Nilimuuliza koko msichana huyo alirudi lini. Koko akajifanya hasikii, na masikio yake yeye yalikuwa mazima kabisa.

Kabla ya safari lakini kulikuwa na jaribio. Mtoto hukalishwa saa sita mchana, ameupa mto mgongo, na jina lake huitwa mara tatu kwa nyuma. Akigeuka, ni wa nchi kavu. Asipogeuka, kesho yake mtumbwi unaondoka naye. Na mtu wa damu yake lazima amshike mkono, asije akavutwa. Mtu wa damu nikawa mimi.

Asubuhi ya siku hiyo tulipokuwa tukioga nilimweleza Feza uso kwa uso, polepole, asome midomo yangu: nikikufinya, geuka.

"Na koko akijua?" aliniuliza, kwa sauti yake ile nene iliyomeza miisho ya maneno.

"Hatajua."

Majirani walijipanga kwenye uzio. Koko alisimama hatua kama kumi nyuma yetu. "Feza!" Nikafinya, akageuka. Mara ya pili koko aliita kwa sauti ya chini, nusura hata mimi nisisikie. Nikafinya. Mara ya tatu alinong'ona tu. Feza aligeuka, akatabasamu, akasema, "Koko, niko hapa."

Majirani walipiga vigelegele. Nilifurahi furaha ambayo sijui kama nimeipata tena. Nilidhani nimemwokoa dada yangu.

Mama hakupiga kigelegele. Alivuka ua na mwiko mkononi.

"Alors, unasikia!" alisema. "Siku zote unasikia! Bon. Donc ni kichwa nguvu tu."

Tangu siku ile Feza hakuwa tena mtoto wa maji, akawa mtoto mkaidi. Kiswahili kina methali nyingi mno kuhusu kusikia, na zote alitupiwa yeye: sikio la kufa halisikii dawa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alichapwa nyumbani kwa kutoitika na shuleni kwa kutoimba, mpaka akaacha shule. Mara ngapi nilitaka kusema! Kila mara nilikumbuka mtumbwi wa Yanonge, nikafunga kinywa. Kisha koko akafariki, mtumbwi wenyewe ukawa haupo, na bado nikanyamaza. Uongo wa mtoto nimeshausamehe. Kimya cha mtu mzima ndicho kinachonishinda.

Feza hakunilaumu. Kanisani, msibani, alikaa kando yangu, mkono wake katika wangu; nikifinya anasimama, nikifinya anaitikia amina. Tumezeeka hivyo.

Siku moja nilimsindikiza binti yangu mjamzito kliniki, nikamsikia mkunga akiwaonya wanawake waache pombe. Inamfikia mtoto tumboni, alisema, inaweza kumdhuru akili, macho, hata masikio.

"Hata ya kuonja tu?" nikauliza.

"Hata ya kuonja, mama."

Nilikaa kwenye benchi mpaka binti yangu akanigusa bega. Kwa hakika sijui ni nini kiliziba masikio ya dada yangu. Najua tu mama alivyoonja miezi ile yote, ili watu wamwamini.

Mwezi uliopita tulikuwa kwa mama, katika ua ule ule. Amezeeka sana, ila sauti ni ile ile. Feza alikuwa amempa mgongo, anatazama kuku, mkono wake katika wangu kama kawaida.

"Feza!" mama aliita.

Vidole vyangu vilianza kufinya vyenyewe. Nimechoka, nikajiambia. Nikauachilia mkono.

Feza aliendelea kutazama kuku. Mama aliita tena, na tena. Kisha akanitazama mimi, akautazama mkono wangu uliolala wazi juu ya paja.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ya koko, mama. Nilikuwa namufinya. Hakukusikia vizuri hata siku moja."

"Na miye nilimupiga," alisema. Akainuka kwa shida, akazunguka mpaka mbele ya Feza, akainama nyuso zao zikawa sawa, akaliita jina lake mara ya nne.

"Mama?" Feza akaitika.

Habari ya lotoko sikumwambia, wala sitamwambia. Najua nimeacha kimya kimoja nikashika kingine. Lakini kile cha kwanza alikibeba Feza. Hiki nitakibeba mwenyewe.