Sura ya Mama Kwenye Bati

Mie shule nilipita kwa nje tu, nikienda kisimani. Lakini mikono hii! Nachora hina mpaka bi harusi anakataa kunawa. Nashona. Nikiimba harusini, nzi wanatua wasikilize. Ila kazi yangu hasa ni sura. Mabango ya saluni toka Pongwe mpaka Muheza, vile vichwa nimechora mie. Kuna bwana alilisalimia bango akidhani mkewe. Halikumjibu, akaondoka kanuna.

Mama yangu picha alikuwa hataki. Ukinyanyua simu tu, anajifunika ushungi. Alipozidiwa na maradhi ndio akaniambia, "Haya, nichore weye, kwani weye si nimekuzaa?" Nikamchora kwa rangi ya mafuta kwenye bati bapa lililobaki kazini. Nikaliweka na lile jicho lake la kushoto, kope limelala kidogo. Akajitazama, akacheka: "Umenizeesha, mshenzi weye!" Ndiyo picha yake pekee duniani.

Siku ya hitima yake nimelitundika bati ukutani, mama mkubwa, dada yake mama, akaja juu.

"Tunasoma Kurani, hilo lisura linatutolea macho? Toa!"

"Mamkubwa, si tulifunike kanga tu?"

"Nimesema toa!"

Akalitoa mwenyewe, akaliegemeza uani, uso ukutani. Mie nikakaa na wageni.

Huko uani mpishi anatafuta cha kufunikia pilau. Sufuria lenyewe ungemwogeshea ng'ombe. Akaona mgongo wa bati, safi. Akafunika, uso chini, akapalia makaa juu.

Harufu ya rangi ikanifikia ndani. Nadhani hata Horohoro kule mpakani waliisikia. Nikatoka mbio. Mpishi kashafunua.

"Dada, bati la nani hili? Linachuruzika."

Mama mashavu yameteremka mpaka kidevuni, macho hayapo.

Mama mkubwa akachungulia sufuria. "Toeni ya juu, ya chini nzima. Watu wana njaa." Wakala. Wakaomba na ukoko.

Tangu siku hiyo namchora mama tena na tena. Kila nikimaliza, anatoka mama mkubwa. Mchoro mmoja kauona mwenyewe, kafurahi, kautundika sebuleni kwake, yeye yule wa "Toa!" Nikienda kumwamkia shikamoo, natazama dirishani.

Juzi kaniita. "Mwanangu umenipatia, ila jicho hili la kushoto umelikosea. Langu kope halijalala. Njoo urekebishe."

Brashi ninayo. Sijaenda.