Maneno Yangu Huisha Saa Tano

Watu huniambia naonekana mzima, nami nimechoka kuwaeleza. Kovu lipo juu ya sikio la kushoto, ila nywele zimelifunika. Miguu ninayo, mikono ninayo, na ukinikuta asubuhi nitakupigia gumzo mpaka chai yako ipoe. Shida huanza saa tano. Hapo maneno huniisha kama maji ya mtungi, na yakishaisha sipati mengine mpaka nilale. Usidhani ni usingizi wa mtu aliyekesha. Huu ni uchovu wa ndani ya kichwa. Watu wawili wakisema kwa pamoja nataka kulia, na jina la mwanangu naweza kulitafuta nisilipate.

Ilianza siku pikipiki iliyonibeba ilipogonga mkokoteni wa punda wa maji, hapa hapa mjini Garissa. Punda hakuumia. Mimi nilizinduka Nairobi, kwenye kitanda cha hospitali, nikiwa sijui nimefikaje. Daktari alisema nimepona kwa sehemu kubwa, lakini uchovu huenda nikaishi nao, kwa hiyo nijifunze kufanya kazi kwa kipimo. Alinipa karatasi zenye muhuri. Niliziweka vizuri, nikiamini kuwa karatasi yenye muhuri inatosha.

Kazi yangu ilikuwa ukalimani, katika ofisi moja ambayo siitaji. Wafugaji waliogombania visima na malisho walikuja pale kusikilizwa. Wao walisema Kisomali, maofisa walisema Kiswahili, na mimi nilikaa katikati. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa na sheria moja: sitii chumvi, sipunguzi, na sina langu la kusema. Mtu akitukana, natafsiri tusi lake. Akilia, nangoja anyamaze.

Aliyenifikisha pale ni kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeamua mmoja wetu asome ili nyumba yetu iwe na mdomo kwa serikali. Yeye akabaki na ngamia, mimi nikapelekwa shule. Tangu nikiwa darasa la nne nilimsemea kwa chifu, hospitalini, na kwenye vizuizi vya polisi. Kiswahili hakukijua, wala hakuona haja ya kujifunza wakati mimi nipo. Nilikuwa najivunia jambo hilo.

Baada ya ajali nilirudi kazini, nikaishi kwa ujanja. Ikikaribia saa tano nilijifanya naenda msalani, kumbe najilaza kwenye mkeka nyuma ya stoo. Askari wa langoni alinijua. "Walaal, ndugu yangu, wewe lala tu," aliniambia siku ya kwanza aliponikuta. "Mimi naangalia mlango." Lakini wakubwa hawakukawia kupata habari, nikaona bora niseme ukweli wangu mwenyewe. Niliandika barua kuomba nifanye kazi mpaka saa tano tu, nikaambatanisha karatasi za daktari. Nikajibiwa kwamba kamati ya watu watatu itakuja kutoka Nairobi, nami nije na mtu mzima wa nyumbani aeleze ninavyoishi. Wakikubali, ninabaki na kazi. Wakikataa, nitafanya kazi kutwa kama wengine au niondoke.

Mke wangu alisema yuko tayari kwenda. Nikamkatalia. Yeye ndiye anayenivua viatu nikirudi, yeye ndiye anayewafukuza watoto uani ili nipate kimya, na bado nikamkatalia, kwa sababu nilitaka neno zito. Nilisema mzee mwenye ndevu za hina atasikilizwa zaidi. Kaka yangu tulikuwa tunakaa naye boma moja tangu ukame ulipomaliza ngamia wake. Alishaniona nikitembea kwa kushika ukuta. Alishaniona nikilia kwa sababu ya redio. Wiki ile ile wazee kutoka Lafey walikuwa wamekuja kumposa binti yake, na walikuwa bado wanaulizauliza habari za nyumba yetu. Sikuliunganisha jambo hilo na langu.

Kamati ilitarajiwa saa tatu. Gari lao likachelewa, tukaanza saa nne na nusu. Mkalimani mwenzangu alikuwa ametumwa Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akaniangalia kwa upole.

"Si wewe ndiye mkalimani? Mtafsirie mzee, tuendelee."

Nilikubali. Nilifikiri itakuwa raha, kusemewa mema halafu niyarudie kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akauliza hali yangu huwaje nikirudi nyumbani. Nikalipeleka swali kwa Kisomali. Kaka yangu hakunitazama. Alitazama fimbo yake, akasema polepole, nami nikamfuata kwa Kiswahili:

"Ndugu yangu hana ugonjwa wowote wa kichwa. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuugua kichwa."

Hakuna mwingine mle chumbani aliyejua Kisomali. Ningeweza kusema lolote, nao wangeandika. Wallahi, wazo lilinijia. Lakini ulimi uliozoea njia moja miaka kumi na minne haugeuki kwa siku moja. Nikawatazama, nikangoja swali linalofuata.

Wakauliza, mbona analala mchana?

"Anatafuna mirungi usiku, mchana analala. Ni mvivu. Sisi nyumbani ametushinda."

Mirungi sijawahi kuitia kinywani, hata siku ya harusi yangu. Nikatafsiri. Sikulilainisha neno mvivu, nililitoa na uzito wake wote. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimevaa kanzu niliyomnunulia mimi siku ya Idd. Waliendelea kumuuliza, naye akaendelea kujibu, na kila jibu lilipita kwangu. Feni ikaanza kunipigia kelele kichwani. Niliona saa ya ukutani imepita saa tano.

Ndipo yule mama akavua miwani, akasema sasa ni zamu yangu. Nina nini la kusema kuhusu ombi langu?

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na punda, na redio, na ukuta, na mke wangu akinivua viatu. Nililijua kila neno, na sikuweza kulifikia hata moja. Maneno yangu ya siku ile nilikuwa nimeyamaliza kwa kumsemea yeye. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni yale niliyozoea kufungia kila tafsiri.

"Ni hayo tu."

Wakaandika. Mmoja wao akasema, wala hakusema kwa ubaya, kwamba mtu anayetafsiri vizuri hivyo kwa muda wote ule hawezi kuitwa mchovu. Wakafunga mafaili, wakapanda gari. Hakuna aliyeniona nikianguka kwenye mkeka wangu nyuma ya stoo.

Kaka yangu alinifuata huko. Aliketi, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kama alivyokuwa akifanya nikiugua utotoni.

"Walaal, nimekuokoa," akasema. "Kwenye nyumba ya mvivu watu wanaoa. Kwenye nyumba ya mwendawazimu hawaoi."

Aliamini alichokisema. Hilo linaniuma zaidi, kwa sababu hata hasira yangu sipati kumtupia yote.

Ombi lilikataliwa. Nilijikokota mpaka mvua za vuli, kisha alasiri moja nikanyamaza katikati ya ushahidi wa mama mzee aliyekuwa ananitegemea, na wiki iliyofuata nikarudisha funguo. Binti akaolewa Lafey. Harusi ilikuwa nzuri, na wakwe waliambiwa kwamba mimi nimestaafu mapema.

Siku hizi naandikia watu barua nyumbani. Mwenye haja nami namwambia aje asubuhi, na wote wanajua. Kaka yangu pia anajua. Yeye huja alasiri. Huniletea maziwa ya ngamia, hukaa ukingoni mwa mkeka wangu, akazungumza peke yake mpaka adhana ya magharibi, nami huwa sina neno hata moja la kumjibu. Majuzi nilimsikia uani akimwambia mke wangu kwamba mimi nilishamsamehe zamani, kwani tangu siku ile sijamwambia neno baya.